Bustani ya Mvua Shuleni: Tangu Kuyafuata Maji Hadi Kuilea

Mvua ikinyesha wakati wa masomo, watoto hugeuza shingo dirishani na mwalimu huwarudisha ubaoni. Ningewaomba walimu kitu kingine. Siku moja, radi zikiwa zimenyamaza na mvua imebaki ya rasharasha, watoeni nje. Simameni kwenye kona ya jengo pale bomba la paa linapomwaga, kisha yafuateni maji hatua kwa hatua mpaka yanapotoka nje ya uzio. Mtayaona yakidondoka yakiwa maangavu, yakichimba kijifereji kwenye udongo mtupu, yakibadilika rangi, yakizoa majani na karatasi na mchanga, na mwisho yakimwagika barabarani au kwa jirani wa upande wa chini.

Bustani ya mvua huyakatiza maji hayo njiani. Ni beseni la kina kifupi lililochimbwa ardhini na kupandwa mimea yenye mizizi mirefu. Maji huingia, hutulia kwa saa kadhaa, kisha hunywewa na udongo. Si bwawa. Siku nyingi za mwaka huwa kavu, na mtu asiyejua huiona kama kitalu cha maua kilichobonyea katikati.

Mwaka 1990, katika wilaya ya Prince George's, jimbo la Maryland nchini Marekani, mjenzi wa nyumba aitwaye Dick Brinker alipendekeza kwamba katika mtaa mpya wa Somerset, badala ya bwawa kubwa la kukusanyia maji ya mvua, kila kiwanja kiwe na beseni lake dogo lenye mimea. Larry Coffman, ofisa wa mazingira wa wilaya hiyo, akalichukua wazo na kulisimamia. Kila nyumba ikapata bustani ya wastani wa mita za mraba 28 hadi 37. Ukubwa huo unatosha kabisa paa la jengo dogo la madarasa, na watu wa kawaida wanaweza kuuchimba kwa majembe. Ndiyo maana naiamini kazi hii kwa shule: haihitaji tingatinga wala mkandarasi. Inahitaji vipimo sahihi na watu wengi kwa siku mbili, kisha wachache watakaoendelea kuja.

Yafuateni maji kwanza

Chukueni karatasi mchore majengo, njia, miti na uwanja. Siku ya mvua, watoto wachore mishale ya maji. Wekeni alama mahali maji yanapokimbia kwa kasi, yanapotuama, na yanapotoka nje ya shule. Fanyeni hivyo angalau mara mbili, katika mvua ndogo na katika mvua kubwa, maana njia za maji hubadilika. Mfereji uliotosha jana hufurika leo na maji yakashika njia ambayo hakuna aliyeijua.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kuchagua mahali kwa macho, mbele ya geti, kwa sababu wageni wataona. Bustani ikachimbwa pazuri, na maji yakapita mbali nayo. Ramani ya mishale ndiyo inayosema bustani iwe wapi.

Kwenye ramani hiyohiyo mtaona maeneo yanayofaa kutoa maji. Maji ya paa ndiyo rahisi kuanza nayo kwa sababu yana uchafu mdogo. Maji ya sehemu ya kuegesha magari pia hufaa, na pengine ndiyo yanayohitaji zaidi kuchujwa. Kwenye pwani ya Puget Sound, kaskazini magharibi mwa Marekani, samaki aina ya salmoni wa koho walikuwa wakifa kwa wingi mvua zilipoanza, kabla hata ya kutaga. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wamempata muuaji: kemikali inayowekwa kwenye mpira wa matairi ili usipasuke, ambayo ikikutana na ozoni hewani hugeuka sumu. Majaribio ya miaka michache kabla ya hapo yalikuwa yameshaonyesha kwamba maji yaleyale ya barabarani, yakipitishwa kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, hayawaui tena samaki hao. Mchanganyiko wa kawaida wa mchanga na mboji unaweza kazi hiyo. Ila kama bustani yenu itapokea maji ya magari, msipande humo kitu chochote cha kuliwa.

Mahali pa kuchimba

Kaeni mbali na msingi wa jengo kwa mita 3 au zaidi, na upande wa chini wa mteremko, maji yasije yakarudi ukutani. Msichimbe juu ya shimo la maji machafu wala mahali maji yake yanaponyonywa. Msichimbe chini ya mti mkubwa. Mtakata mizizi yake, na unyevu mpya unaweza kuudhuru. Ulizeni wenye mamlaka ya umeme, maji na simu nyaya na mabomba yao yanapita wapi, na mpate jibu kabla mtu hajainua sururu.

Mahali ambapo maji hutuama siku nzima huonekana kama pameumbwa kwa kazi hii, lakini sipashauri. Maji yanatuama pale kwa sababu udongo wake haunywi. Chimbeni juu kidogo, kabla maji hayajafika hapo.

Pimeni mteremko. Pigeni kigingi upande wa juu na kingine mita 5 chini yake, fungeni kamba usawa wa ardhi kwenye kigingi cha juu, ivuteni mpaka cha chini, inyoosheni kwa pimamaji, kisha pimeni kutoka kwenye kamba hadi ardhini. Mkipata sentimita 20, mteremko wenu ni asilimia 4, na kazi itakuwa nyepesi. Ukizidi asilimia 12, yaani sentimita 60 katika mita hizo 5, tafuteni mahali pengine.

Udongo unywe

Hatua hii ndiyo inayoamua kama mtapata bustani au dimbwi, na watoto wanaipenda kuliko zote.

Chimbeni shimo la sentimita 30 kwenda chini, upana wa sentimita 20 hivi, pale mnapotaka katikati ya bustani pawe. Jazeni maji. Yaacheni yanywewe yote, kisha jazeni tena, na safari hii ndipo mpime. Mara ya kwanza udongo mkavu hudanganya, maana hunywa kwa kiu yake. Mara ya pili umeshalowa, na unaonyesha utakavyofanya katikati ya msimu wa mvua. Simamisheni rula ndani ya shimo na mwandike kina kila baada ya saa moja.

Maji yakishuka zaidi ya sentimita 2.5 kwa saa, mmepata mahali pazuri sana. Kati ya sentimita 1 na 2.5 panafaa. Chini ya sentimita 1, jaribuni sehemu nyingine mita chache kando. Mara nyingi udongo hubadilika ghafla, hasa mahali ambapo wajenzi waliwahi kumwaga kifusi. Msipopata, fanyeni beseni pana zaidi lenye kina kifupi, na mchanganye mchanga na mboji kama nitakavyoeleza.

Wakati maji yanashuka, shikeni udongo wenyewe. Mtoto achukue donge la ukubwa wa limau, alilainishe kwa maji kidogo, kisha alisukume kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke utepe. Ukikatika papo hapo na kukwaruza ngozi, ni kichanga. Ukitoka wa sentimita 2 au 3 ndipo ukatike, ni tifutifu, na mshukuru. Ukitoka mrefu kama ulimi, ukang'aa, ukaning'inia bila kukatika, ni mfinyanzi. Nimewahi kumwona mtoto wa darasa la 4 akiuning'iniza utepe wake mpaka ukapita kiganja, na mafundi wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mahali pale wakanyamaza.

Lengo ni maji yote yaishe ndani ya saa 24, na isizidi 48. Wazazi watauliza kuhusu mbu, na wana haki ya kuuliza. Yai la mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi ndani ya maji ili litoe mbu anayeruka. Beseni linalokauka kwa siku moja au mbili halimpi nafasi hiyo. Ndoo iliyosahauliwa nyuma ya jiko, au mfereji wa paa ulioziba majani, humpa. Waelezeni hivyo, na muwaonyeshe namba za shimo lenu.

Hesabu ya darasani

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kila kitu kinaanzia hapo.

Tuseme paa lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, pimwa kama kivuli chake kinavyolala chini, si kwa kufuata mwinamo wa bati. Hizo ni mita 200 za mraba. Mvua ya milimita 25 itashusha lita 5,000. Toeni asilimia 10, yaani yale yanayorukia kando na kulowesha paa. Zinabaki 4,500, yaani mita 4.5 za ujazo. Beseni la kina cha sentimita 15 litahitaji mita 30 za mraba ili kuyabeba yote kwa mkupuo: urefu wa mita 10 kwa upana wa mita 3, mathalani. Hiyo ni asilimia 15 ya paa. Kwenye udongo wa kichanga asilimia 10 yaweza kutosha. Kwenye mfinyanzi jipeni 20 au zaidi.

Sentimita 15 za kina zinatosha. Nikifanya kazi na shule sizidishi 20, kwa sababu ya watoto wadogo. Kuta za beseni ziwe na mwinamo mpole, hatua 3 kwenda mbele kwa kila 1 kwenda chini, ili aliyejikwaa atembee kutoka na mashine ya kukatia nyasi isikwame.

Kama eneo ni dogo kuliko hesabu, chimbeni dogo. Mvua nyingi za mwaka ni ndogo, na hata bustani nusu ya kipimo itazinywa. Maji ya mvua kubwa yatatokea kwenye mlango wa kutolea maji ya ziada, ambao ni lazima uwepo kwa vyovyote vile.

Ruhusa na watu

Mkuu wa shule aandike kwa maandishi kwamba ardhi hiyo imetengwa. Nimeona bustani ya miaka miwili ikifukiwa ili pajengwe kibanda, kwa sababu hapakuwa na karatasi yoyote inayoitaja. Kamati ya wazazi ijue, na jirani wa upande wa chini aelezwe mapema. Ndiye aliyekuwa akipokea maji yenu miaka yote.

Katika watu wa kujitolea, watafuteni mapema hawa wanne, kwa ujuzi wao: fundi mwashi anayejua kushika usawa, mtu anayefahamu mimea ya eneo lenu, mtu wa huduma ya kwanza, na mtu mmoja anayekuja shuleni hata wakati wa likizo, awe mlinzi, mtunza mazingira au jirani wa karibu. Huyo wa mwisho ana thamani kuliko wachimbaji 20. Wachimbaji watakuja siku moja wakipigiwa picha. Yeye ndiye atakayemwagilia wiki ya 5 wakati hakuna picha. Mpeni heshima yake tangu siku ya kwanza, akae kwenye vikao, achague mimea pamoja nanyi.

Sasa hesabu ya jasho. Wengi husahau kwamba beseni la kina cha sentimita 15 halichimbwi sentimita 15. Mtarudishia mboji sentimita 5, na juu yake matandazo sentimita 5, kwa hiyo mnachimba 25 ili mbaki na 15. Kwa mita 30 za mraba hizo ni mita 7.5 za ujazo za udongo, zaidi ya tani 10. Udongo ukishachimbuliwa huvimba kwa robo hivi, na toroli moja hubeba takriban lita 65, kwa hiyo kuna safari karibu 145 za toroli mbele yenu. Mtu asiyezoea jembe atachimba nusu mita ya ujazo asubuhi moja bila kuumia mgongo. Mkiwa na wachimbaji 15 na wengine 10 wa kusukuma, kupiga reki na kushindilia, beseni litaisha kwa siku moja, kabla ya jua kali. Mkiwa na nusu yao, pangeni siku mbili. Msiwaite watu 60. Watasimama wakitazama, na safari nyingine hawatarudi.

Kwa watu 25 nyumba ya vifaa iwe na majembe 8, sepeto 8, sururu 3, toroli 4, reki 4, vigingi, kamba, futi, pimamaji, mbao za kukanyagia, mawe ya ukubwa wa ngumi toroli 6 hivi, na maji ya kunywa ya kutosha. Viatu vya kufunika vidole ni sharti kwa kila mtu. Sururu hazishikwi na watoto. Watoto wana kazi zao: kupima, kubeba mawe madogo, kuchanganya mboji, kupanda, kuandika.

Mimea

Chagueni ya asili ya eneo lenu. Imeshazoea mvua zenu na ukame wenu, na nyuki na vipepeo wa pale wanaijua. Njia bora ya kuitafuta ni kutembea kandokando ya mitaro na mabonde yanayofurika na kukauka. Mmea unaosimama pale mwezi wa jua kali na mwezi wa mvua ndio mnaoutaka. Mmea wa kinamasi, unaoishi ndani ya maji daima, utakufa kwenu, kwa sababu bustani hii ni kavu siku nyingi.

Gawanyeni beseni sehemu tatu. Chini kabisa, inayovumilia kufunikwa na maji siku nzima: nyasi ndefu za mashina magumu na jamii ya mafunjo mafupi. Kwenye mwinamo, ile inayopenda unyevu lakini haipendi kusimama majini. Kwenye ukingo, inayostahimili ukame. Nusu ya mimea yote iwe nyasi zinazoota kwa vishada. Mizizi yake ndiyo inayofungua udongo na kuufanya unywe kwa kasi zaidi mwaka hadi mwaka.

Pandeni miche 4 kwa kila mita ya mraba, nafasi ya sentimita 50, kwa hiyo mita 30 zinataka miche 120. Ziwe aina 6 hadi 8, zikipandwa kwa mafungu ya 5 au 7 ili mtoto ajifunze sura ya kila moja na asiing'oe akidhani ni gugu. Kataeni miiba, kataeni mimea vamizi hata kama ina maua mazuri, na kataeni yenye sumu. Mbono na mnanaha huota popote na mbegu zake ni hatari. Mkiziona zimejiotea, ng'oeni siku hiyohiyo.

Siku ya kuchimba

Chimbeni kiangazi, udongo ukiwa mkavu au na unyevu kidogo. Udongo uliolowa ukikanyagwa na watu 25 hugeuka tofali, na tofali halinywi maji. Kabla ya kufika watu, chorea umbo la bustani kwa kamba au kwa majivu. Umbo la figo au yai, refu likikingama mteremko, hukaa vizuri kuliko mraba.

Anzeni kwa kuondoa majani, mkayaweke kando. Wachimbaji wasimame upande wa nje wakichimba kuelekea ndani, na anayelazimika kuingia akanyage mbao. Udongo unaotoka upande wa juu upelekwe upande wa chini kujenga tuta. Tuta linakumbatia beseni upande wa chini na pembeni. Upande wa juu hubaki wazi ili maji yaingie.

Tuta linataka uvumilivu. Katika shule moja niliyosaidia tulirundika udongo mkavu, tukaupiga kwa migongo ya sepeto, ukaonekana umeshikana. Mvua kubwa ya kwanza ilipenya katikati yake usiku, na asubuhi tukakuta pengo la upana wa mlango, na miche iliyopandwa na watoto wa darasa la 2 imelala kwenye mtaro. Nilijifunza kwa uchungu. Sasa tuta linajengwa kwa tabaka za sentimita 10: mwaga, nyunyizia maji kidogo, kanyagia, halafu tabaka jingine. Msafara wa watu 10 wakikanyaga kwenda na kurudi hushindilia vizuri kuliko chombo chochote. Kitako kiwe na upana wa sentimita 60 au zaidi, mgongo uwe wa mviringo, na lipandwe nyasi mara moja.

Kisha usawa. Sakafu ya beseni ikiinama, maji yote hukimbilia kona moja, yakaijaza, yakamwagika, huku mita 20 nyingine zikiwa kavu. Pimamaji peke yake halifiki mita 10. Tumieni mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 12, mjaze maji taratibu kutoka ncha moja mpaka yabaki nafasi ya shibri moja kila upande. Angalieni mapovu, povu moja likibaki katikati vipimo vyote ni vya uongo, kwa hiyo ugongeni kwa kidole mpaka lipande na kutoka. Mtu mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha katikati, mwingine atembee na ncha ya pili kigingi hadi kigingi. Maji yanatikisika, yanapanda, yanashuka, yanatulia. Yakitulia, piga mstari. Mkishazunguka vigingi vyote, funga kamba kwenye mistari hiyo, na kila mmoja ataona kwa macho yake wapi pamebaki kilima na wapi pamebonyea. Tofauti ya sentimita 2 inavumilika.

Sakafu ikishakuwa sawa, tifueni chini yake kwa uma au sururu sentimita 20 hadi 30 bila kugeuza. Mwageni mboji iliyoiva kabisa sentimita 5 na mchanganye. Kwenye mfinyanzi chimbeni zaidi ya ile 25 ya awali, mwondoe sentimita nyingine 20 au 30, mrudishie mchanganyiko wa mchanga mnene nusu au zaidi kidogo, na kilichobaki kigawanywe kati ya udongo mzuri wa juu na mboji. Mchanga kidogo uliotupiwa kwenye mfinyanzi hausaidii. Hushikana ukawa mgumu kuliko mwanzo. Na msiweke samadi mbichi wala mbolea ya chumvichumvi. Bustani hii iko hapa ili kuyasafisha maji, na mbolea ya ziada itapita nayo hadi mtoni.

Milango miwili ya maji imalizwe siku hiyohiyo. Wa kuingilia: mtaro mfupi kutoka kwenye bomba la paa, wenye mteremko wa asilimia 2 au zaidi, uishie kwenye kitanda cha mawe ya ngumi kilichopangwa kama kikapu kuvunja nguvu za maji. Wa kutokea: sehemu moja ya tuta ishushwe sentimita 5 chini ya mgongo wake, upana wa sentimita 60, itandikwe mawe pande zote mbili, na ielekee kule maji yalikokuwa yakienda zamani bila madhara. Usawa wake upimwe kwa ule mpira, kwa sababu ndio unaoamua maji yasimame kiasi gani.

Kupanda, kisha kuyafungulia maji

Pandeni mvua zinapokaribia. Mwagilieni miche ingali kwenye vifuko, wekeni mahali pake yote kwanza ndipo mchimbe mashimo, na shina likae usawa uleule liliokuwa nao. Tandazeni matandazo ya vipande virefu vya mbao vilivyochanwachanwa, sentimita 5, yasiguse mashina. Maranda na vipande vyepesi huelea, na mvua ya kwanza huvikusanya vyote mlango wa kutokea.

Kwa wiki kadhaa bomba la paa liendelee kumwaga kwenye njia yake ya zamani. Tumieni mfuko wa mchanga kuziba mtaro. Mizizi ikishashika, ambapo ukiuvuta mche taratibu unakataa, ondoeni mfuko.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya hapo, mtu awepo. Simamisheni ubao wenye alama za sentimita katikati ya beseni. Andikeni saa mvua ilipokoma, kina kilikuwa kiasi gani, na saa ngapi sakafu ilionekana tena. Zikizidi saa 48, tafuteni chanzo: huwa ni sakafu iliyokanyagwa au utando wa tope laini juu ya matandazo, na vyote viwili huondolewa kwa kutifua na reki.

Kulea

Mwaka wa kwanza ni wa kumwagilia na kupalilia. Wiki isiyo na mvua, kila mita ya mraba ipate lita 25. Kila darasa lipewe wiki zake, na likizo ziandikwe kwa jina la yule mtu mmoja niliyemtaja, pamoja na msaidizi wake. Baada ya kila mvua kubwa, zoeni mchanga na takataka mlango wa kuingilia, tazameni tuta kama lina ufa. Matandazo huongezwa mara moja kwa mwaka. Mfereji wa paa usafishwe kabla ya msimu, la sivyo maji hayatafika bustanini kabisa.

Mwaka wa 2 kumwagilia kunapungua sana, na palizi inabaki nusu. Miche michache itakuwa imekufa. Msirudishie aina ileile. Rudishieni jirani yake aliyestawi.

Mwaka wa 3 nyasi za sakafuni zitakuwa zimebanana. Mwanzoni mwa mvua chimbueni kishada kizima, kikateni kwa sepeto vipande 3 au 4, kila kimoja na mizizi yake, rudisheni kimoja mahali pake. Vilivyobaki vilowesheni, vifungwe kwenye magunia yenye unyevu, waitwe wale waliochimba siku ya kwanza waje wachukue. Kila atakayebeba kipande aondoke na karatasi ya vipimo: shimo la sentimita 30, lijazwe mara mbili, apime mara ya pili.